Muuaji Wangu Alikiri Mapema Mno

Simu ya kwanza ilitoka Tanga, Jumapili asubuhi, nikiwa jikoni napika vitumbua. Kaka mmoja, mpole, sauti ya kule kwao. "Dada, hongera kwa kitabu. Ile mbinu ya kututolea muuaji kwanza halafu ukarudi nyuma kwenye ushahidi, nimeipenda. Sijaiona kwa waandishi wetu."

Nikashukuru, nikakata simu, nikaendelea kugeuza vitumbua. Kama kitumbua cha tatu hivi ndipo nikajiuliza: mbinu gani? Mimi sijarudi nyuma popote. Kitabu changu kinakwenda mbele kama daladala ya Temeke, kikisimama kinasimama kushusha maiti tu.

Ya pili ikaja Jumatatu, mama wa Mbagala, mteja wangu tangu kitabu cha kwanza. Huyu hakuwa na hongera. "Mwanangu, huyu baba si kashakiri? Si kashatiwa pingu mbele ya macho yangu? Mbona namkuta tena sokoni Temeke Stereo anapatana bei ya dagaa?"

Hapo nikaenda kwenye boksi, nikachomoa kitabu, nikafungua katikati. Ukurasa wa 110, 111, 112. Halafu 129.

Nitarudi hapo. Kwa wanaonisoma hapa mara ya kwanza: nina steshenari Temeke, si mbali na Mwembe Yanga. Kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kulaminisha vyeti, na viapo vya watu wanaokwenda mahakamani. Usiku naandika riwaya za upelelezi na nazichapisha mwenyewe kwa hela yangu. Mbili zimetoka, ya tatu iko njiani. Zinakaa kwenye ubao mmoja dukani, kati ya chaja za simu na madaftari ya kaunta, na mtu akija kutoa kopi ya kitambulisho namsukumia kimoja asome nyuma ya kava wakati mashine inapata moto.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Kwani hukupata mchapishaji?" Linaulizwa kwa sauti ile ile ya "kwani hujaolewa?" Sikumpata, ndiyo. Niliwahi kupeleka muswada mahali, ukakaa miezi kumi na moja, ukarudi na ushauri kwamba niandike kitu kinachoweza kuingia shuleni. Nawaelewa. Kampuni inayoishi kwa vitabu vya shule haiwezi kuhangaika na sajini wa kike anayefukuzana na wauaji Kurasini. Ila wanaodhani kujichapishia ni aibu ya kizazi hiki cha simu wangefungua sanduku la mjomba wangu. Mjomba alikuwa karani bandarini, na chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati limejaa vitabu vyenye kava za bastola na wanawake wenye nywele nyingi. Willy Gamba wa Elvis Musiba yumo. Inspekta Wingo wa Katalambulla yumo. Bwana Msa na kiko chake yumo, yule wa Muhammed Said Abdulla ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka 1960, kabla hata ya uhuru. Na Joram Kiango yumo, wa Ben Mtobwa, na Mtobwa hakungoja mtu ampe ruhusa: alianzisha Heko Publishers hapa hapa Dar, akachapisha vitabu vyake na vya wenzake. Mimi nimeiga tu, tena kwa mtaji mdogo zaidi.

Lakini ukijichapishia, kuna kiti kimoja kinabaki wazi: cha mhariri. Na katika upelelezi hicho kiti ni cha hatari. Riwaya ya mapenzi inasamehewa. Ukisema binti alivaa gauni jekundu ukurasa wa 10 na la bluu ukurasa wa 12, msomaji analia tu na wewe. Msomaji wa upelelezi hakusamehi, kwa sababu umempa kazi. Umemwambia angalia kila kitu, lolote linaweza kuwa ushahidi. Basi anaangalia kila kitu. Gauni la bluu kwake si kosa la mwandishi, ni alibai, ushahidi kwamba mtu alikuwa kwingine.

Kitabu cha kwanza, cha 2019, kilinifundisha hilo kwa fimbo. Kisa kilikuwa cha 2014, na jambazi wangu nikamvusha na gari kwenye daraja la Kigamboni. Siku nne baada ya kuanza kuuza, ujumbe: "Dada, daraja lilifunguliwa 2016. 2014 huyo bwana angepanda pantoni kama sisi." Mwingine akanipata kwenye mapenzi: nilikuwa nimewaweka wapenzi Coco Beach wakitazama jua likizama baharini. Baharini! Jua la Dar linatoka baharini, linazama upande wa Ubungo. Nimezaliwa Temeke, nimelala ufukweni sikukuu ngapi, na bado mkono uliandika kile ulichozoea kukiona kwenye filamu. Mpaka leo kuna mteja akipita anauliza, "Leo jua linazama wapi?"

Kwa hiyo kitabu cha pili niliapa sitakamatika. Nilikijenga miaka miwili. Na hapa lazima niwatolee siri ya kitabu chenyewe, wasiokisoma wanisamehe, nakala zimeshaisha.

Karani wa mizigo anauawa nyumbani kwake Kurasini. Maiti inakutwa Jumamosi mchana, feni inazunguka, madirisha yamefungwa, na daktari hathubutu kutaja saa ya kifo. Huenda Alhamisi, huenda Ijumaa. Shahidi ni mmoja tu, bibi mzee anayeuza maandazi kona ya mtaa, mzaliwa wa Kilwa. Anamwambia konstebo kwamba alimwona shemeji wa marehemu akiingia pale usiku wa Ijumaa, baada ya Isha. Konstebo ni kijana wa Iringa, mzuri tu, ana mwandiko safi. Anaandika: "Ijumaa usiku."

Shemeji anaitwa. Ijumaa usiku? Alikuwa harusini Mbagala, mshenga, kavaa suti, picha mia mbili zipo, video ipo, MC kamtaja jina. Anaachiwa, tena kwa kuombwa radhi.

Nyinyi wa pwani mshacheka. Ukikaa na bibi zetu, siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, ule ambao watu husoma Yasini. Yaani kwa kalenda ya ukutani ni Alhamisi. Magazeti yamelikwepa tatizo kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa," na kila nikiliona neno hilo naona kama kuna mhariri wa zamani aliyewahi kuchomwa kama mimi. Bibi hakudanganya. Konstebo hakudanganya. Neno lilivuka kutoka mdomo wa mmoja kwenda kalamu ya mwingine, likapoteza saa ishirini na nne njiani, na ndani ya hizo saa muuaji akajificha.

Sajini Tabu, mpelelezi wangu, analelewa na bibi huko Mtoni. Jioni moja ya Alhamisi anarudi kachoka, anamkuta bibi yake anatandika mkeka. "Leo usiku wa Ijumaa, mjukuu wangu, wanakuja wenzangu tusome." Tabu ana sahani ya wali mkononi. Anaiweka chini. Huo ni ukurasa wa 121.

Naomba muuweke akilini huo ukurasa wa 121. Nilikaa nao wiki tatu nikitafuta Tabu ashike nini mkononi. Mwanzo ilikuwa kikombe cha chai na kikaanguka kikavunjika. Nikakitoa, vikombe vimevunjika vya kutosha kwenye riwaya za Kiswahili.

Muswada ulipokwisha nikampa afande. Ni mpelelezi mstaafu, anaishi mitaa ya nyuma yangu, alianza kuja dukani kwa kopi za karatasi za mafao, na kwa jinsi karatasi hizo zilivyokuwa nyingi tukawa marafiki. Hataki kutajwa. Anasoma kwa penseli ya HB, miwani puani, na haandiki maoni marefu. Nilitegemea atanisifu kwa usiku wa Ijumaa. Aliweka alama ya vema pembeni, kidogo, kama ya mwalimu aliyekasirika nyumbani. Kisha ukurasa wa kukiri akauchora mstari kutoka juu mpaka chini na kuandika: "Hii wakili ataitupa."

"Shikamoo afande. Ataitupaje?"

"Marahaba. Umemkamata lini huyu?"

"Jumanne, saa tano asubuhi, kwenye pantoni."

"Na maelezo ya onyo, hayo ya kukiri kwake, umeyachukua lini?"

"Jumatano. Nimempa usiku mmoja mahabusu alainike."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto anayekula mchanga. Halafu akanielekeza, akihesabu kwa vidole juu ya mashine yangu ya kopi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa, tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Zikiisha na bado hajamaliza, mkubwa wake anaweza kuongeza, lakini si zaidi ya saa nane. Ukichukua maelezo nje ya muda bila sababu, mahakamani wakili anasimama, anapinga, na kukiri kwako kote kunaondolewa kwenye kumbukumbu. "Nimeona kesi ya uhakika inakufa hivyo," akasema. "Mtu kaua, kakiri, kaonyesha na panga lilipo. Saa."

Nikamwuliza, na foleni ya pantoni? Na foleni ya barabara mpaka kituoni?

"Muda wa kumsafirisha haumo kwenye hesabu. Hilo andika, zuri hilo."

Aliendelea. Mtuhumiwa wangu nilikuwa nimemfikisha mahakamani Kisutu na akakana shtaka kwa sauti kali, ukumbi mzima ukaguna. Afande akafuta. Mshtakiwa wa mauaji Kisutu hajibu kitu. Anasomewa, anaambiwa asijibu chochote kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, hana dhamana, anarudishwa gerezani Segerea, na kila baada ya wiki mbili analetwa kusikia kwamba upelelezi haujakamilika. Mpaka faili liende Mahakama Kuu. "Wewe unataka agune nani? Pale watu wamekuja na kesi zao, wana njaa."

Ndipo nikaandika upya. Kurasa kumi na moja, usiku kwa usiku, baada ya kufunga duka. Na wallahi zile saa nne zilinipa kitu ambacho peke yangu nisingekipata. Kabla yake chumba cha mahojiano kilikuwa na watu wawili wanaongea. Sasa kikawa na saa ya ukutani. Tabu anajua ana saa nne, shemeji hajui, wakili anajua na yuko njiani amekwama Tazara. Tabu haulizi kuhusu Ijumaa. Anauliza kuhusu harusi. Anamwacha shemeji aieleze harusi yote, keki, suti, MC, dakika zinakwenda, anafurahi, analegea. Halafu anamwuliza: na Alhamisi, ulipokuwa unajaribu suti, nani alikuona? Ukurasa wa 131. Zimebaki dakika ishirini na tano.

Hiyo ndiyo kazi niliyoipeleka kiwandani.

Hela ilikuwa ya mchezo. Tuko wanawake kumi na wawili, laki na nusu kila mwezi, zamu yangu ikaangukia kwenye milioni moja na laki nane. Nikaongeza laki tatu za duka. Nakala 500, kila moja 4,200, kurasa 160, kava ya rangi. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nilishaichukua kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba. Napenda ile namba kuliko inavyostahili. Ukiona 9976 au 9987 mwanzoni, baada ya 978, ujue kitabu ni cha Tanzania. Cha kwangu kimekaa na vya maprofesa, hakuna anayejua kipi kina dagaa.

Kiwanda sikitaji. Ni cha mtaani kwenye pilikapilika za Kariakoo, ghorofa ya chini, mashine ya ofseti moja na mafundi watano, na kwa bei ile sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Wasiojua kitabu kinavyozaliwa niwaeleze, maana nami nilijua baada ya kuumia. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa inachapwa kurasa nane upande huu na nane upande ule, inakunjwa mara tatu, inakuwa kijitabu cha kurasa 16. Mimi naita mkunjo. Kitabu changu kilikuwa mikunjo kumi. Mikunjo ya kwanza yote inapangwa rundo moja, ya pili rundo lake, mpaka kumi, marundo yanazunguka meza kubwa. Fundi anatembea kuizunguka meza akiokota moja moja kwa mpangilio, akimaliza mzunguko ana kitabu kizima mkononi. Kinakwenda kwenye gundi ya moto, kinavalishwa kava, kinakatwa pande tatu. Basi.

Mkunjo wa nane ulikuwa ukurasa wa 113 mpaka 128. Wa tisa, 129 mpaka 144. Siku ile awamu ya kwanza ilikwenda vizuri. Wakaenda kula. Waliporudi, mtu akaleta marundo mapya kujazia mezani, akaweka la tisa mahali pa la nane na la nane mahali pa la tisa. Kila aliyeizunguka meza kuanzia hapo aliokota kwa uaminifu kabisa, kwa mpangilio ule ule, kitabu kibovu.

Sasa angalieni kilichomkuta msomaji. Anafika 112, shemeji ameachiwa, ameombwa radhi, hakuna anayejua chochote. Anahamia ukurasa wa kulia: 129, shemeji yuko kwenye chumba cha mahojiano, saa inakwenda, 131 anakiri. Anatiwa pingu, anaonyesha alipotupa funguo. Ukurasa wa 144 unakwisha, inakuja 113, shemeji yuko sokoni anapatana bei ya dagaa kwa raha zake. Kurasa nane baadaye Sajini Tabu anaweka chini sahani ya wali kwa mshtuko mkubwa, amegundua jambo ambalo msomaji analijua tangu juzi.

Kaka wa Tanga aliiona hiyo ni mbinu. Mungu ambariki. Nilimpigia kumwambia ukweli na akabisha. Alisema hata kama ni kosa, ni kosa zuri.

Nilirudi kiwandani na kitabu mkononi. Mwenye kiwanda akakifungua, akahesabu. "Dada, kurasa zote zipo. Hakuna iliyopungua." Nikamwambia kurasa zipo lakini muuaji kakiri kabla hajashukiwa. Akaniuliza kwa utulivu, "Kwani mwisho kaua nani mwingine? Si huyo huyo?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikikosa usingizi natunga majibu ya swali lile.

Mkataba hatukuwa nao, tulikuwa na risiti ya kuandika kwa mkono iliyosema "vitabu 500". Vitabu 500 nilipewa. Tulivutana siku tatu, mwisho akakubali kunirudishia laki mbili na nusu kwa awamu, na awamu ya mwisho bado naisubiri kama wanavyosubiri watu wa Segerea.

Sabini vilikuwa vimeshatoka. Vilivyobaki, 430, mimi na binti yangu tulikaa sakafuni siku nzima ya Muungano, duka limefungwa, tukifungua kimoja kimoja ukurasa wa 112. Vizima kulia, vibovu kushoto. Kulia 267, kushoto 163. Binti alikuwa darasa la sita. Ilipofika jioni alikuwa anavijua kabla ya kufungua, kwa kupitisha kidole kwenye ukingo. Eti vibovu wino wake ulikuwa mzito kidogo sehemu ya katikati. Nilijaribu, sikuhisi kitu.

Wazo la kikaratasi ni lake pia. Tulichapa kwa mashine yetu wenyewe, karatasi ya njano, kila A4 vikaratasi nane, tukabandika kwa gundi chini ya ukurasa wa 112: "SIMAMA. Usiendelee. Nenda ukurasa wa 113, utaukuta baada ya 144. Ukifika 128 rudi hapa uendelee na 129. Ukichungulia, shauri yako." Bei ikashuka kutoka 10,000 hadi 6,000.

Vya njano viliisha kwanza. Kuna watu wameniambia ni ubunifu, kwamba msomaji anapata raha ya kukatazwa. Ni elfu nne, jamani. Mtu wa Temeke akipunguziwa elfu nne atasoma hata kinyumenyume. Ingawa nakiri niliwahi kumwona mwanafunzi mmoja kwenye benchi langu, anasubiri kuchapiwa ripoti ya fildi, kafika 112. Akasoma kikaratasi. Akatazama kushoto na kulia. Akachungulia 129 pembeni, akafunga haraka kama aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

Mengine ya biashara nitayapita kwa haraka, nimeshayalalamikia hapa mara nyingi. Wauza vitabu wa kando ya barabara pale Posta wanachukua kwa mali kauli: unawaachia kumi, ukirudi mwezi ujao ama hela ipo ama vitabu vipo ama kijana mwenyewe kahamia kuuza viatu. Mikoani natuma kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, kifurushi kinaandikwa jina na namba ya simu, na mpokeaji analipia usafiri akifika kuchukua. Malipo ni kwa lipa namba, hapo sina kesi. PDF ipo. Mtu alikipiga picha kitabu cha pili kizima, kurasa 160, kwa simu, kwenye meza yenye kitambaa cha maua, na inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka leo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iko upande wangu, na COSOTA wapo, lakini nimshtaki nani, kitambaa? Kinachonikera zaidi ni kwamba alipiga nakala mbovu, tena bila kikaratasi. Kwa hiyo watu wengi waliokisoma kitabu changu bure, na sina shaka ni wengi kuliko walionunua, wanaamini mimi ndiye mwandishi wa mbinu ya kurudi nyuma. Wiki iliyopita dada mmoja ameniandikia kutoka Dodoma akiomba nimfundishe.

Cha tatu kikienda kuchapwa, mwezi wa nane Mungu akipenda, kuna vitu viwili nitavidai kabla ya kutoa hata shilingi. Kimoja ni karatasi yenye sahihi, inayosema kitabu ni kurasa kwa mpangilio wake, si idadi. Cha pili nilifundishwa na fundi mzee wa kiwanda kingine, alicheka sana kusikia kisa changu. Kila mkunjo unachapwa kidoti cheusi mgongoni, pale unapokunjwa. Wa kwanza kidoti kiko juu, wa pili kinashuka kidogo, wa tatu kinashuka tena. Ukivipanga sawasawa na kutazama mgongo, vidoti vinashuka kama ngazi. Mikunjo miwili ikibadilishana, ngazi inavunjika, na unaiona ukiwa umesimama mlangoni, hata kama hujui kusoma. Inagharimu sifuri. Lakini uangalie kabla ya kava, maana ikishaingia gundi mgongo unafungwa na ngazi inaondoka nayo. Nimeshamwambia binti siku hiyo haendi tuisheni, anakuja na mimi.

Muswada uko kwa afande tangu Ramadhani. Safari hii nimefanya uangalifu kupita kiasi: nina ratiba ya kupwa na kujaa ya mwezi mzima wa kisa, nina nauli za mwaka ule, jua linazama Ubungo. Jana kapita kutoa kopi mbili za kitambulisho. Nikampa shikamoo yake, nikamwuliza amefika wapi.

"Ukurasa wa 40. Nimeshamjua."

"Nani, afande?"

Akainama kwenye kaunta, akanitajia jina taratibu, kama vile mwenyewe yuko nje anasikiliza. Mashine ikamaliza kopi ya pili.

Si yeye.

Nikampa karatasi zake na chenji ya mia sita.

"Endelea kusoma, afande," nikamwambia.